Msindikizi wa Barabara ya Kumi na Nne

Saa mbili na nusu asubuhi, jua likiwa limekwisha kukaza, baiskeli ya Salha Semkiwa ilipunguza mwendo yenyewe mbele ya nyumba ambayo haikuwa na msiba.

Aliisikia mota ndogo ya gurudumu la nyuma ikinyamaza. Pedali zikawa nzito. Mishikio ikatetemeka mara moja chini ya viganja vyake, kwa upole, kama mtu anayekugusa kiwiko ukumbuke adabu. Mbele yake wapanda baiskeli wanne walikuwa wamekwisha kushuka. Nyuma yake wakashuka watatu. Wote wakasimama kando ya pito la baiskeli, wakatazama kulia, wakatazama kushoto, wakitafuta jeneza.

Hapakuwa na jeneza. Palikuwa na paka juu ya ukuta, na mwanamke mzee aliyeketi kizingitini akisuka ukili.

“Nani katutoka?” aliuliza mwanamume mmoja aliyefunga trei za mayai kwenye keria.

“Waniuliza mie?” mzee alijibu bila kuinua macho. “Juzi mlisimama. Jana mlisimama. Kama mwaja kuniposa, semeni, nikavae.”

Watu wakacheka, ila kicheko chenyewe kilikuwa kifupi. Mmoja mmoja walikokota baiskeli zao hatua chache kupita ule mlango, mpaka mota zikaamka tena, wakapanda na kwenda bila kugeuka nyuma. Mwanamke mmoja alivuka upande wa pili wa barabara kabisa. Salha alimwona akiwafanya watoto wake wasiitazame nyumba ile.

Akatoa daftari lake la mkaguzi wa mapito. Barabara ya kumi na nne, Ngamiani. Siku ya nne.

Ilikuwa nyumba ya sita katika miezi miwili. Katika zile tano za mwanzo, matanga yalikuwa yamekwisha kuanuliwa.

*

Tanga ulikuwa mji wa baiskeli tangu zamani. Magari yalipoondolewa katikati ya mji, Idara ya Mapito haikuhangaika sana kutafuta njia mpya. Iliyafuata matuta ya zamani, yale yaliyopitisha vitoroli vya mkonge kutoka mashambani, ikayasawazisha na kuyatandika, ikayaunganisha na treni ya Pongwe. Mtu alitundika baiskeli yake kwenye ndoano ndani ya behewa, akashuka nayo stesheni, akashika pito mpaka mlangoni kwake.

Kila baiskeli ilikuwa na mota, na kila mshikio ulisoma mapigo ya moyo. Kwenye mwinuko, moyo ukienda mbio, mota iliongeza nguvu, na mzee wa miaka sabini akapanda daraja bila kuhema. Watu walipoogopa kusomwa, Idara iliandika ahadi juu ya kila mshikio kwa herufi za kupapaswa: MSHIKIO HAUTAJI JINA. Mapigo yalihifadhiwa chini ya muhuri. Muhuri huo haukufunguka isipokuwa kwa viganja viwili, cha mhandisi mkuu na cha mkaguzi.

Mfumo uliotawala yote hayo ulikuwa na jina refu la kiofisi. Watu waliuita Msindikizi.

Mwaka wa kwanza ilitokea aibu. Mazishi yalikuwa yakipita Makorora, na baiskeli hazikujua. Mota ziliwavuta watu mpaka katikati ya waombolezaji, mmoja akaligonga jeneza kwa usukani. Kesho yake wazee wa mitaa walikuja Idarani, wakaketi kwenye ujia tangu asubuhi mpaka wakasikilizwa. Maneno yao yalikuwa machache: baiskeli isiyojua kumshukia maiti haitapita kwao.

Wahandisi wakaona haya. Wakampa Msindikizi kumbukumbu za mwaka huo wote, kila mahali ambapo watu walishuka kwa ajili ya mazishi, wakamwambia: jifunze dalili zinazotangulia jeneza, uwapunguzie watu mwendo kabla halijafika. Walimaanisha turubai, mikeka barabarani, kanzu nyingi msikitini. Walisahau kumwambia hiyo “kabla” inaanzia wapi.

Naye Msindikizi alikuwa mwanafunzi mtiifu. Alirudi nyuma ya turubai. Akarudi nyuma ya vilio. Akaendelea kurudi siku hadi siku mpaka akaukuta moyo wenyewe, ungali unapiga, mikono ya mwenyewe ingali kwenye mishikio. Hapo ndipo alipoanza kuwashusha watu.

*

“Shikamoo, Mhandisi.”

“Marahaba. Kaa. Umetoka Ngamiani?”

“Nimetoka.”

Hoza, mhandisi mkuu, alikuwa mtu mrefu, mwenye miwani iliyofungwa uzi mguu mmoja. Ukutani mwake ramani ya mji ilimetameta, kila baiskeli nukta moja ya kijani, zikitiririka kutoka stesheni hadi Chumbageni, kutoka Duga hadi Raskazone. Kwenye barabara ya kumi na nne nukta zilikuwa zikisongamana, zikasita, zikaendelea. Mahali pengine pote mji ulikwenda kama maji. Pale ulimeza mate.

“Saa kumi nitafuta,” alisema Hoza. “Somo lote la mazishi. Tutaanza upya, kwa turubai na mikeka tu.”

“Na mtu wa nyumba ile?”

Hoza alivua miwani. “Unamkumbuka yule fundi cherehani wa Makorora?”

Salha alimkumbuka. Nyumba ya tatu.

“Baiskeli zilisimama mlangoni kwake siku tisa. Siku ya nne wateja walianza kuja kuchukua vitambaa vyao, hata visivyokatwa. Siku ya sita shemeji yake alimletea sanda, akaiweka juu ya kabati, akasema ni ya akiba tu, mambo ya dunia. Siku ya saba akaacha kula. Mimi nilikwenda pale, Salha. Nilimkuta amekaa anaitazama ile cherehani. Akaniambia, ‘Mhandisi, hata baiskeli zimeniamkia.’” Hoza alifuta miwani kwa pindo la shati, polepole. “Mpaka leo sijui kama Msindikizi alimjua au alimuua.”

“Kwa hiyo tufungue muhuri. Leo. Tujue ni nani, tumwambie yeye peke yake, apelekwe hospitali. Pengine moyo wake unatibika.”

“Hapana.”

“Mhandisi, ni mtu.”

“Najua ni mtu. Wewe leo unafungua kwa huruma. Muhuri ukishafunguliwa kwa huruma, kesho utafunguliwa kwa sababu nyingine. Atakuja mwajiri atakaye kujua nani hatamaliza mwaka. Atakuja baba wa bibi harusi. Mji mzima umeshika mishikio ile kwa sababu ya maneno matatu, nawe unataka tuyavunje kabla ya chakula cha mchana.”

“Na tukifuta?”

“Atakufa kama walivyokufa babu zetu. Bila kutazamwa.”

Salha aligeukia ramani. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na aliingia Idarani akiamini kwamba kila jambo jema lina mlango, ni kuutafuta tu. Sasa aliiona milango miwili, na kila mmoja ulikuwa na mtu aliyelala nyuma yake.

“Nipe mpaka hiyo saa kumi,” alisema mwisho.

“Ya nini?”

“Mshikio hautaji jina. Lakini mtu anaweza kujitaja mwenyewe. Nikawaulize.”

*

Mzee wa kizingitini aliitwa Bi. Zaina. Ndani ya nyumba walikuwa watu watatu tu: yeye, mwanawe Shaweji, ambaye alikuwa fundi baiskeli na karakana yake ilikuwa ubavuni mwa nyumba ile ile, na Mwanamkasi, mke wa Shaweji. Salha aliwaeleza yote uani, baiskeli yake ya ukaguzi ikiwa imesimama kwenye stendi, gurudumu la nyuma likielea hewani. Hakuficha kitu. Alipofika kwenye zile nyumba tano, aliianza sentensi mara mbili.

“Baiskeli hii nimeitenga kwa kazi hii,” alimalizia. “Atakayeshika mishikio, mapigo yake yatalinganishwa na yale yanayowasimamisha watu mlangoni. Kama siye, gurudumu litazunguka. Kama ndiye, litapunguza mwendo. Jina haliandikwi popote. Na asiyetaka asishike.”

Bi. Zaina aliweka ukili chini. “Yote hayo ya nini? Ni mie. Si mwaniona?”

Akainuka, akaishika mishikio kama mtu anayempokea mgeni. Salha aliliwasha gurudumu. Likazunguka. Likaendelea kuzunguka, spoku zikawa ukungu, upepo wake ukampeperusha mzee pindo la kanga.

“Limeharibika,” alisema Bi. Zaina.

“Halijaharibika, bibi.”

“Basi litazame tena. Nina miaka sabini na nane.”

Lilitazamwa tena. Likazunguka vilevile. Bi. Zaina aliondoa mikono yake, na usoni mwake hapakuwa na nafuu yoyote. Alikuwa amekasirika.

Mwanamkasi akaja, viganja vyake vikiwa na maji ya kuoshea mchele. Alifumba macho. Gurudumu likazunguka mpaka Salha alipolizima mwenyewe.

Kisha hakuna aliyemtazama Shaweji, na kutotazamwa kule kulikuwa kubaya kuliko kutazamwa.

Alikuwa ameegemea mlango wa karakana, mtu mpana wa miaka thelathini na minne, mafuta ya mnyororo yamempaka mpaka kiwikoni. “Wateja wangu kutwa wapita hapa,” alisema. “Yaweza kuwa yeyote. Nimeziba pancha za nusu ya mji huu.”

“Yaweza kuwa,” Salha alikubali.

“Na mimi sishiki.”

“Shaweji,” alisema mkewe.

“Sishiki, Mwanamkasi. Dada huyu kasema asiyetaka asishike. Mtu akishaambiwa ndiye, anakufa kuanzia dakika ile ile. Anakufa akila, anakufa akioga. Kama nimeandikiwa, niacheni nife siku moja tu, kama watu.” Alijaribu kucheka. “Nawe dada, umekuja na baiskeli yenye mnyororo uliolegea kiasi hicho kunisomea kifo? Ulete niukaze kwanza.”

“Kwenye daraja la reli huwa wasimama,” Mwanamkasi alisema kwa sauti ndogo. “Siku hizi wasimama mara mbili. Wajishika bega, wasema ni vumbi. Tangu lini vumbi likaingia begani?”

“Wanitoa siri mbele ya mgeni?”

“Nakutoa kaburini.”

Salha alitazama saa. Tisa na nusu. Angeweza kuondoka sasa. Tayari watu wale walijua jambo ambalo asubuhi hawakulijua, na ni yeye aliyelileta, akaliweka uani kwao katikati ya masufuria. Alijiona kama yule shemeji na sanda yake.

Bi. Zaina ndiye aliyesogea. Alikwenda mpaka mbele ya mwanawe, akamwinulia uso, maana hakumfikia begani.

“Wajua kwa nini nimekaa mlangoni siku nne?” aliuliza. “Mie joto hunikondesha, wajua. Nilikaa ili wakisimama wanione mie. Nilijua kuna mtu aitwaye ndani ya nyumba hii, nikasema, basi nitoke nje niitike. Majirani nimekwisha kuwaaga. Ukili ule nilitaka uishe upate kuwa mkeka wangu. Nimejifia vizuri, Shaweji, kwa raha zangu. Sasa mwaniambia si zamu yangu, niinuke nikawe mfiwa?” Sauti yake haikupanda hata kidogo. “Kufa hukatazwi. Lakini usinifiche. Mie nilikuzaa mbele ya watu.”

Shaweji aliuacha mlango wa karakana. Halafu akaenda penye ndoo, akachukua sabuni ya magadi, akanawa. Alinawa mpaka kiwikoni, akanawa tena, akajifuta kwa kitambaa kisafi ambacho hakuwahi kukitumia kwa kazi. Akaja akashika.

Salha aliliwasha gurudumu. Likazunguka mara tatu, nne. Kisha mota ikanyamaza, na spoku zikaanza kuonekana moja moja, mpaka wakaweza kuzihesabu.

Likasimama.

“Mkono wa kushoto,” Shaweji alisema baadaye, bado ameshika, “una ganzi tangu alfajiri. Sikutaka kuwasumbua.”

*

Kitoroli cha wagonjwa kilikuwa Pongwe. Dakika arobaini, walimjibu Salha kwenye simu yake ya sikioni. Kwa baiskeli hospitali ilikuwa dakika kumi na nane, kama njia ni nyeupe, na njia haijawahi kuwa nyeupe saa kumi kasoro robo, wakati treni inawamwaga watu stesheni.

“Panda keria,” alisema. “Usiguse pedali. Usiguse hata ardhi.”

“Nipakiwe na mwanamke Ngamiani nzima?”

“Nishike kiuno au nikufunge kamba kama gunia.”

Alipanda. Mwanamkasi alitoa karakanani baiskeli kuukuu isiyo na mota, akawafuata. Bi. Zaina alibaki kizingitini, amesimama.

Walipoingia pito kubwa, Salha alijiandaa kupiga kengele. Hakuhitaji. Mbele yao, kwa kadiri jicho lilivyofika, baiskeli zilikuwa zikipunguza mwendo. Mota zikanyamaza moja baada ya nyingine, mlio ukafa kuelekea mbali kama taa zinazozimwa nyumba kwa nyumba. Watu wakashuka. Wakajipanga kando, kulia na kushoto, wakainamisha vichwa. Katikati wakaacha njia tupu, iliyonyooka, inayowaka jua.

Msindikizi alikuwa ameyapata mapigo yale uani kwenye baiskeli hii; sasa aliiona ikisafiri, akalifungulia jeneza njia.

Mota yake nayo ilikuwa imenyamaza; Salha alikanyaga kwa nguvu za miguu tu. Ni tairi zake tu zilizosikika, na pumzi ya mtu mzito mgongoni kwake. Wanafunzi, wauza samaki, mwanamke mwenye cherehani kwenye keria, wote wamesimama wakimngoja maiti, na nyuso zao zilipoinuka na kumwona mtu mwenye macho wazi akipita, zilibadilika kwa namna ambayo Salha aliiota miaka mingi baadaye.

“Wananitazama,” Shaweji alinong’ona.

“Watazame na wewe.”

Kwenye kivuko cha reli, treni ya Pongwe ilikuwa imesimama. Madirishani watu waliweka mikono vifuani.

Sauti ya Hoza ilimjia sikioni. “Salha. Mji mzima umesimama. Ni jeneza la nani hilo?”

“Si jeneza. Ni mtu. Kashika mwenyewe, Mhandisi, kwa hiari yake.”

“Imefika saa kumi.”

“Ukifuta sasa watarudi njiani wote. Sitapita.”

Salha aliuona mwinuko wa daraja la reli ukija, na mapaja yake yalikuwa yamekwisha. Katikati ya mwinuko baiskeli iliyumba. Ndipo mzee mmoja mwenye kanzu akatoka kando, bila kuuliza, akaweka mkono mmoja nyuma ya keria na kusukuma. Baada ya hatua chache kijana wa bandarini akaingia mahali pake, kisha mwingine, kila mtu akisukuma kidogo na kumwachia mwenzake, jinsi jeneza linavyopokewa bega kwa bega. Mmoja alianza kunong’ona tahalili ya maiti. Akainua macho, akayakuta ya Shaweji, maneno yakamkwama.

“Endelea tu, bwana,” Shaweji alisema kwa shida. “Sauti unayo. Lakini mie nakwenda kwa daktari.”

Mtu akacheka, kicheko cha hofu, kikapokewa na mwingine. Mikono ikaongezeka. Baiskeli ikapanda daraja kana kwamba haina uzito.

“Saa kumi na dakika saba,” Hoza alisema sikioni. Sauti yake ilikuwa imechoka sana. “Sijafuta, nimeondoa kiganja changu. Kwa leo tu. Kesho tutawaita wale wazee ujiani, tuwaulize wao.”

“Ahsante, baba,” Salha alisema. Hakuwahi kumwita hivyo.

Kwenye lango la hospitali muuguzi alitoka mbio na machela, kwa kuwa aliliona kundi la watu nyuma yao na kimya chao. Alimtazama Salha, aliyeloa jasho. Alimtazama Mwanamkasi aliyekuwa akishuka, ushungi umemwanguka. Alitafuta mtu aliyelala, hakumwona.

“Haya, mgonjwa wetu ni nani?” aliuliza.

Salha alijua jina, na watu wote waliokuwa wamesukuma walijua sura. Walinyamaza, wakamwachia mwenyewe.

Shaweji aliteremka kwenye keria taratibu, akasimama kwa miguu yake.

“Ni mimi,” alisema.